Singo ya Mfungo Mosi

Isaka, 14 Novemba 2024

Mwanangu Amira,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ukitoa vumbi, ambalo mwaka huu limehamia ndani kabisa na kupanga chumba. Mjukuu wangu, mtoto wa Doto, ameota jino la pili na analijaribu kwenye bega langu. Hapa kwenye kibanda madereva wa malori wamekwama siku ya nne wakingoja mzigo ushuke kwenye treni, basi wanakula, wanakunywa chai na kunilalamikia mimi kana kwamba bandari kavu ni ya mjomba wangu.

Haya, nikuulize. Hii ya kuniandikisha barua umeitoa wapi? Dunia nzima ina simu mfukoni, wewe juzi unaniambia, "Shangazi, kwenye simu unanikatiza. Niandikie." Halafu ukakata. Mimi nimekukatiza lini? Nimeazima kalamu kwa karani wa mizani, na mara ya mwisho kuandika barua marehemu baba yako alikuwa hai. Hii itakwenda mpaka Kahama, apewe Ibrahimu, yule konda wa basi la Geita, naye atakuletea akikumbuka.

Jambo lenyewe unalijua. Nikaha yako na Nasibu ilikuwa Rajabu. Nasikia kwa watu kwamba umeisogeza mpaka Mfungo Mosi, baada ya Idi. Nasikia kwa watu, Amira. Mimi niliyekuchukua una miaka tisa, siku kaka yangu Ayubu alipozikwa, nikakufunga kanga yangu mwenyewe.

Na Doto amerudi kutoka kwako na habari nisizozielewa. Anasema unaoga umefunga mlango na kuweka ndoo nyuma yake. Geita yote inatoka jasho, wewe umevaa mikono mirefu mpaka vidoleni. Ukipigiwa simu ya picha unasema mtandao mbaya, na mnara uko nyuma ya nyumba. Siku moja ulikuwa unapakua ugali, mkono wa gauni ukapanda, akaona kiwiko kina baka, jekundu pembeni na jeupe juu. Alipokuuliza ukasema ulijigonga. Cha pili nacho kilikuwa hivyohivyo. Viwiko vyote viwili ulijigonga?

Nikukumbushe kitu. Mimi ndiye somo yako. Nimesinga nusu ya maharusi wa Isaka na Kahama kwa liwa na manjano, siku tatu kila mmoja, kuanzia shingoni mpaka kisiginoni. Siku ikifika hakuna utakachonificha, hata upele wa mbu. Basi sema sasa, kabla sijakuona mwenyewe nikakasirika vizuri.

Shangazi yako,
Mwanne


Geita, 2 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata juzi, ina doa la chai. Ibrahimu anasema hajui limefikaje. Mimi mzima. Kazi ya stesheneri inaendelea. Wachimbaji wanakuja na fomu zao za leseni, wametoka moja kwa moja kwenye maduara ya dhahabu na tope mpaka kwenye nyusi, halafu wanataka picha ya pasipoti niwavalishe suti kwenye kompyuta. Nawavalisha. Nasibu anakusalimu, yuko Nyarugusu wiki nzima anatengeneza pampu za kutolea maji mashimoni.

Shangazi, uliniuliza, nakujibu. Nilijipaka mkorogo. Nilidanganywa na rafiki, nikaharibu ngozi. Nimeshaacha. Ndiyo maana nilisogeza nikaha, ngozi ipate kurudi.

Nisamehe, na usimwambie mtu.

Mwanao,
Amira


Isaka, 13 Desemba 2024

Amira,

Salamu utazipata chini nikiwa nimepoa.

Mkorogo. Mtoto wa Ayubu, weusi wa baba yake ulivyompendeza, anaenda kununua kopo la kujichubua. Nilisoma nikiwa nakaanga sambusa, zote zikaungua, na dereva mmoja wa Burundi akazila hivyohivyo kwa kuniogopa. Ulikosa nini? Nani alikwambia wewe ni mbaya? Mkorogo wameutumia wanawake wa mtaa huu mpaka nyuso zikawa nyekundu na vidole vya mikono vikabaki vyeusi, na wewe ukiwa mdogo ulikuwa unawacheka pamoja na mimi. Umenichosha kabla sijazeeka.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mama Nasibu alinipigia kutoka Kharumwa, anataka kujua kwa nini siku imesogezwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaanza kuhesabu miezi. Nikaona bora aambiwe la mkorogo kuliko afikirie mimba, au afikirie umepata mnunuzi wa dhahabu. Nikamwambia. Usiniangalie hivyo, najua unaniangalia. Nimemwapia kwamba ni ujinga wa mara moja, umeacha, na mpaka Mfungo Mosi utakuwa umerudi rangi yako. Nimeapa, Amira, kwa hiyo usiniangushe.

Kwenye mfuko huu kuna singo ya liwa na manjano niliyoitwanga mwenyewe, na dodoki jipya. Kila siku baada ya alasiri jisugue, polepole kwanza halafu kwa nguvu, mpaka uchafu wa makopo utoke. Uache utoto.

Mtoto wa Doto hajambo. Marahaba.

Mwanne


Geita, 9 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mfuko niliupata, asante. Nimeitumia singo kama ulivyosema, kila siku.

Ngozi bado. Doto amenialika kwenye hafla ya mtoto wake, sitaweza kuja, kazi ni nyingi mwezi huu. Mwambie asinune.

Laiti usingemwambia Mama Nasibu. Nilikuomba.

Amira


Isaka, 20 Januari 2025

Mwanangu Amira,

Wa alaykum salaam, maana naona siku hizi hata salamu nzima inakushinda. Barua ya nusu ukurasa. Ibrahimu amesafiri nayo kilomita zote hizo, nimetoka Isaka mpaka Kahama kuifuata, nimeifungua kwa hamu stendi, nikakuta mistari sita na lawama. Hafla imepita. Doto amenuna, na amenuna kwangu mimi, kwa sababu wewe huonekani wa kununiwa.

Unasema ngozi bado. Unasugua vizuri? Au unapapasa? Singo si poda. Sugua mpaka iwake. Mkorogo umeingia ndani, hautoki kwa kubembelezwa.

Na jingine. Mama Nasibu amesema siku za singo atakuja mwenyewe, na wanawake kumi wa Kharumwa. Kwa kawaida wakwe wanangoja nje wakiimba, wewe unalijua hilo na yeye analijua. Anasema anataka kukaa ndani, aone kwa macho yake kama mwali amerudi. Ningemkatalia vipi, wakati mimi ndiye niliyeapa? Nimemkubalia. Kwa hiyo ni wewe, mimi, na macho ya wanawake kumi na mmoja. Nakuomba mwanangu, hiyo ngozi itengeneze.

Shangazi yako,
Mwanne


Isaka, 11 Februari 2025

Amira,

Barua yangu ya tarehe ishirini umeipata, au Ibrahimu kaifanya mto? Simu inaita mpaka inachoka. Nimempigia Nasibu, ameniambia hujafungua stesheneri siku kumi na moja, na ukigongewa mlango unajibu kwamba unaumwa kichwa. Mchumba wako anaongea na ubao wa mlango siku kumi na moja, na hakuna anayeniambia kitu.

Sina maneno mengi leo. Sikugombezi. Niambie tu kama unakula.

Mwanne


Geita, 17 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula. Nimefungua stesheneri tangu juzi. Nimepata barua zako mbili kwa pamoja, ya Januari ilikuwa imekaa chini ya kiti cha dereva.

Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, ndiyo sababu ya karatasi.

Sijawahi kununua mkorogo. Sijui hata unauzwa kopo gani.

Nina ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Ulianza miaka miwili iliyopita, kwenye goti, baada ya yale mafindofindo yaliyonilaza. Nikadhani ni fangasi. Nimepaka dawa zote za duka la dawa, nimefukizwa majani na mzee mmoja wa Katoro mpaka nikatapika, nimekunywa kombe la aya. Mwaka jana nikampata daktari wa ngozi anayekuja hapa mara moja kwa mwezi. Alitazama dakika tatu akaupa jina. Alisema hauambukizi hata mtu akilala juu yangu. Ni mwili wenyewe unaotengeneza ngozi kwa haraka kuliko inavyohitajika, ndiyo maana inapanda magamba na kupukutika. Na alisema hauponi ukaisha. Unatulia, unarudi, unatulia. Na ngozi isisuguliwe kamwe, kwa sababu kila inapokwanguliwa ndipo unapoota upya.

Kwa hiyo unaelewa singo yako imenifanyia nini. Nilijisugua kwa nguvu kama ulivyoniagiza. Iliwaka. Ilitoka damu, halafu magamba yakapanda mgongo mzima na kwenye ukingo wa nywele, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sikulaumu, ulikuwa unatibu ugonjwa niliokutajia mimi. Lakini nimekasirika Shangazi, nimekasirika nawe, na mimi mwenyewe, na hilo dodoki.

Unajua ninavyoishi? Nguo nyeusi sivai, kwa sababu vipande vyeupe vinaonekana mabegani. Shuka nalikung'uta kabla mama mwenye nyumba hajaamka kufagia, asije akauliza huu unga wa nini. Mteja akinyoosha mkono tusalimiane, ghafla nina karatasi za kubana. Msikitini nasali mwisho wa safu, ukutani. Siku moja mama mmoja aliona kifundo changu cha mkono, akasogeza msala wake. Alisogea kidogo tu, kama mtu anayepisha upepo. Nilimaliza sala sijui nimesoma nini, na mpaka leo nikimkumbuka nataka kumfuata nyumbani kwake nimuulize aliogopa nini hasa.

Ndiyo maana nilisema mkorogo. Doto alikuwa ameshaona, wewe ulikuwa unauliza, nikatafuta kosa dogo. Mtu wa mkorogo anasutwa, anachekwa, halafu anasamehewa, kwa sababu anaweza kuacha. Mimi nitaacha nini? Niliona bora mniite mjinga kuliko msogeze mikeka yenu mbali nami.

Siku zile zote nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta. Kuna mambo niliyafikiria ambayo siyaandiki kwenye karatasi. Nesi Philomena wa kliniki aliona nimekosa tarehe yangu, akanifuata mpaka nyumbani, akagonga mpaka nikachoka kumsikiliza nikafungua. Hakunihubiria. Alikaa kitandani palepale kwenye magamba, akaniambia nioge niende naye. Sasa naenda kila Alhamisi, anazungumza nasi watu watano wenye ngozi za namna hii. Yupo mchimbaji mmoja, Bartholomeo, anaogopwa na duara zima kwamba atawaambukiza. Anasema faida yake ni kwamba hakuna anayemwibia soksi. Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Daktari aliniuliza kitu nikashindwa kujibu. Anasema mara nyingi upo kwenye ukoo. Baba alikuwa nao? Au nani?

Sijamwambia Nasibu. Na wale wanawake kumi wasije.

Mwanao,
Amira


Isaka, 26 Februari 2025

Amira,

Salaam. Ramadhani iko mlangoni na wewe umenifanya mtu niliyeapa uongo. Nilimwapia mama wa watu kwamba utarudi rangi, kumbe nimeapia kitu kisichorudi. Mwezi mtukufu nauingia nikiwa hivi.

Ungeniambia tangu mwanzo. Ungesema, "Shangazi, ni ugonjwa," basi. Miezi mitatu nimetukana makopo. Nimemtukana hadi muuza vipodozi wa hapa stesheni, na dada wa watu hajakosa kitu.

La singo uliyojisugulia, kila nikishika kinu nalifikiria, nimeacha kutwanga.

Sasa tufanye hivi. Nasibu usimwambie. Mwanaume akijua mapema anapata muda wa kufikiri, na huo muda ndio mbaya. Olewa kwanza. Mikono mirefu ipo, soksi zipo, taa inazimwa. Watu wanaishi hivyo na dunia haijaanguka. Wale wanawake nitatafuta maneno. Nitasema una tetekuwanga, nitasema lolote.

Kuhusu swali la daktari, kwenye ukoo wetu hakuna mtu wa hivyo. Mwambie hakuna, na asiulize tena.

Kunywa dawa zako usiache kwa sababu ya funga, mgonjwa ana ruhusa.

Mwanne


Geita, 16 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku mvua zimeanza, wachimbaji wanaleta fomu zilizolowa, nazianika kwenye kamba kama nguo.

Nimemwambia Nasibu.

Najua ulinikataza. Nilimwambia anipeleke kliniki, tukakaa kwenye benchi, nikakunja mkono wa gauni mpaka juu mchana kweupe na watu wanapita. Aliangalia muda mrefu. Akauliza, "Inauma?" Nikamwambia inawasha, inaunguza, lakini kinachouma zaidi ni kuangaliwa. Alinirudisha nyumbani akaondoka, siku mbili kimya, nikamhesabu ameenda. Siku ya tatu alirudi na mfuko umejaa mafuta ya nazi, mafuta ya nyonyo, mafuta ya kondoo, na kopo moja la kulainishia mikanda ya pampu ambalo nadhani lilijichanganya. Alikuwa amezunguka Geita nzima akiuliza watu. Tangu hapo kila siku ana dawa mpya aliyoisikia kwa fundi mwenzake. Nimechoka naye, sasa, kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka.

Yeye hana shida, Shangazi. Shida imebaki kwenye mlango mmoja. Mama yake bado anaamini ni mkorogo, na bado anasema atakuja kukagua. Nasibu alijaribu kumweleza, akamjibu kwamba nimemfundisha maneno. Anasema neno la somo ndilo atakaloamini, na somo alishasema mkorogo.

Siwezi kuvua mbele ya wanawake kumi na mmoja. Nimejaribu kujilazimisha hata kwa kuwaza tu, na kila nikiwaza nageukia ukuta tena. Na sitasema nina tetekuwanga, kwa sababu tetekuwanga inapona halafu nitatafuta nini mwakani? Umeniambia watu wanaishi gizani na dunia haijaanguka. Mimi niliishi hivyo miaka miwili, na ilianguka. Wewe hukuwepo, nilikuwa nimelala chini yake.

Basi nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu. Kama singo ni lazima na Mama Nasibu lazima akae ndani, hakuna nikaha. Nitamwambia Nasibu mwenyewe, na nitabaki na stesheneri yangu. Wewe ndiye uliyelisema neno, wewe tu ndiye unayeweza kulifuta.

Na daktari ameuliza tena. Mimi pia nauliza. Ukisema hakuna, sawa, lakini uliandika kwa hasira sana kwa kitu ambacho hakipo.

Amira


Isaka, 8 Aprili 2025

Mwanangu Amira,

Assalaam alaykum, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako. Tulikula pilau, mtoto wa Doto anatembea, na kila anachokifikia anakibomoa. Barua yako nilikaa nayo. Nimekuandikia majibu mawili nikayachana yote. La kwanza lilikuwa matusi, la pili lilikuwa uongo.

Halafu Jumamosi nikapanda basi mpaka Kharumwa.

Mama Nasibu alinipokea vizuri, akanipa wali na maziwa mgando, na kabla sijanawa akaanza na mkorogo. Nikamwambia hakuna mkorogo, haujawahi kuwepo. Akauliza sasa nilikuwa naapa nini. Nikamwambia niliapa nisichokijua. Akauliza sasa huyo binti ana nini. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, tangu Kahama, nina maneno ya daktari wako yote kichwani, na pale yakapotea yote. Mimi, ambaye hunimalizi kwa kusema.

Nikaenda kufunga mlango kwa komeo. Nikavua baibui, nikavua na gauni, nikampa mgongo. Nikamwambia, "Tazama vizuri. Ni hii."

Akasogea karibu kutazama. Nikamwambia mikono hii ilimsinga binti yako Wema siku tatu, humu ndani kwako, miaka saba iliyopita. Ana baka lolote Wema? Watoto wake wanalo? Akasema hawana. Nikamwambia na maharusi wote kabla yake na baada yake hawana. Ndipo akasema, "Mwanne, miaka yote hii?" Mimi nikawa natafuta mkono wa gauni siuoni.

Usifikiri amekuwa malaika. Amekasirika kwamba tulimdanganya, ameniambia hivyo mara nne, na kwenye nikaha ataninunia, nawe atakununia kidogo. Lakini wale wanawake hawaji. Na yeye ataimba nje kama wakwe wengine.

Sasa nikujibu la daktari. Mwambie ni shangazi. Ulinianza nilipomzaa Doto. Na baba yako alikuwa nao kichwani; watu walidhani havui kofia kwa ucha Mungu, na sisi tuliwaacha wadhani. Baba Doto hakunifukuza wala hakunitukana. Alihamia kitanda cha pili, halafu chumba cha pili, halafu Tabora. Doto alikuwa na miezi minane. Mikono mirefu niliyokuambia uvae, mimi nimevaa miaka thelathini, watu wananisifu kwa stara. Doto mwenyewe hajui. Sina ninachojua kuhusu ugonjwa huu zaidi ya kuuficha, ndicho nilichokufundisha.

Kuna baya zaidi na nitalisema. Doto alipotaja viwiko vyote viwili nilijua. Siku ileile, nimesimama na mwiko mkononi, nilijua. Ulipoandika mkorogo, nilikutukana ukurasa mzima na ndani ya roho nilimshukuru Mungu. Nilitaka iwe mkorogo. Nilitaka hivyo mpaka nikakutumia dodoki. Hilo nisamehe ukiweza, na usipoweza pia nitakuja.

Maana nakuja. Nikaha ni Ijumaa tarehe ishirini na tano, mimi nitafika Jumatano. Sina liwa, sina manjano, kinu nimempa mtoto wa Doto achezee. Tutafunga mlango wawili tu. Nitakupaka mafuta, yale ya nazi aliyoyaleta Nasibu, polepole, mahali pote, bila kusugua, na taa tutaiacha inawaka.

Lakini kabla sijakugusa, utanipaka mimi mgongo. Katikati mkono wangu haufiki, na tangu Baba Doto aondoke hakuna mtu aliyenigusa pale.

Shangazi yako,
Mwanne